Intaneti ya miezi michache kwenye nyumba yenye watoto: pima kwanza, nunua baadaye

Familia inayopanga nyumba kwa miezi mitatu huku yao ikimaliziwa, au inayorudiwa na watoto wa bweni likizo ya Juni na ya Desemba, isichague intaneti kwa vigezo vya mtu anayekaa mahali pamoja miaka mitano. Tangazo linaonyesha bei ya mwezi tu. Kwa muda mfupi, kinachoumiza kiko kwingine: bei ya rauta, ufungaji, na mkataba unaoendelea kudai hata baada ya kuhama. Mifano hapa ni ya Tanzania, hasa Dar es Salaam, lakini anayepanga Nairobi au Mombasa atafanya hesabu hizi hizi kwa shilingi za huko.

Gawa gharama yote kwa miezi mtakayokaa

Chukua bei ya kifaa, ongeza ufungaji, ongeza kifurushi mara idadi ya miezi, toa amana mtakayorudishiwa, kisha gawa kwa miezi hiyo. Usiweke kwenye hesabu hela ya kuja kuuza rauta mkiondoka, kwa sababu iliyofungwa kwa mtandao mmoja haina soko.

Tuseme kampuni ya kwanza inauza rauta sh 150,000 na kifurushi chake cha mwezi ni sh 60,000. Ya pili inaazima rauta bure, kifurushi sh 90,000. Hizi ni namba za kufanyia hesabu, si bei za kampuni yoyote. Kwa miezi mitatu, ya kwanza inachukua 330,000, sawa na 110,000 kwa mwezi. Ya pili 270,000, sawa na 90,000. Ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali. Zinalingana mwezi wa tano, maana tofauti ya vifurushi ni 30,000 na rauta ni 150,000. Mkikaa chini ya hapo, azimeni. Mkipitisha hapo, nunueni.

Nyumba yenu inakula GB ngapi

Watoto hawamalizi bando kwa kusoma. Video ndiyo inayolimaliza, na kinachoamua ni ubora wa picha kuliko idadi ya saa. YouTube kwa 480p hula takriban nusu GB kwa saa. Kwa 1080p hufika GB 2 au zaidi. Netflix hutaja hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, GB 3 kwa HD na GB 7 kwa 4K. Darasa la Zoom la kikundi ni kati ya MB 800 na GB 2.4 kwa saa.

Chukua nyumba ya wazazi wawili na watoto watatu. Katuni na vipindi saa tatu kwa siku kwa 480p ni GB 45 kwa mwezi. Masomo ya mtandaoni saa moja kwa siku za kazi ni kama GB 20. Simu za wazazi, GB 1 kila mmoja kwa siku, ni GB 60. Ongeza GB 15 za masasisho ya simu na kompyuta. Jumla ni GB 140. Acha TV ijichagulie 1080p kwa saa zile zile tatu, na katuni peke yake zinakuwa GB 180, jumla GB 275. Hakuna mtoto aliyeongeza hata dakika moja ya kutazama.

Hapa ndipo wengi wanapoumia na 5G. Video hujipandisha ubora yenyewe ikiona njia ni pana, kwa hiyo bando la GB lenye spidi kubwa huisha mapema kuliko lile lile kwenye 4G ya kawaida. Kwa nyumba yenye watoto, kifurushi kisicho na kikomo cha GB chenye spidi ya Mbps 10 kina thamani kuliko GB 100 za spidi kubwa. Mbps 10 zinabeba TV moja ya 1080p, ambayo inahitaji kama Mbps 5, pamoja na darasa moja la Zoom na simu mbili. Kumbuka kuwa Mbps ni megabiti, na biti nane ni baiti moja: Mbps 10 bila kupumzika hushusha GB 4.5 kwa saa.

Mahitaji yakiwa chini ya GB 60 hivi, msinunue rauta kabisa. Bando la mwezi kwenye simu ya zamani iliyobaki nyumbani, ikiwa imewashwa hotspot na kuwekwa dirishani, litatosha.

Pima ndani ya nyumba yenyewe

Ramani ya mtandao ya kampuni inaonyesha mtaa. Haioni ukuta wa tofali za inchi sita, paa la bati, wala nyavu za chuma madirishani, na vyote hivyo hupunguza mawimbi. Jirani kusema "hapa Airtel iko vizuri" kunasaidia kuanza, basi.

Kabla ya kulipia chochote, azima au sajili laini za mitandao miwili au mitatu: Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa Tigo hadi mwishoni mwa 2024), Halotel au TTCL. Weka bando dogo la siku kwenye kila moja, ifunge simu kwenye 4G pekee, kisha isimamishe mahali hasa rauta itakapokaa. Pima spidi kwa programu ya kupimia, mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na saa tatu usiku. Kipimo cha saa tatu usiku ndicho cha kuamulia. Wakati huo mtaa mzima uko mtandaoni, na mnara uliotoa Mbps 30 asubuhi unaweza kutoa 3. Kipimo kimoja hula makumi ya MB kwenye 4G na mamia kwenye 5G, kwa hiyo usirudie kwa kujifurahisha.

Tazama pia spidi ya kupandisha. Ikiwa chini ya Mbps 1, picha na sauti ya mtoto vinaweza kukatika darasani hata kama yeye anamsikia mwalimu vizuri.

Ukishakuwa na rauta mkononi, kuna namba bora kuliko vile vijiti vya mawimbi. Fungua ukurasa wake kwenye kivinjari. Rauta nyingi za Huawei hutumia 192.168.8.1, nyingine 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na anwani imeandikwa kwenye lebo chini ya kifaa. Tafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye rauta. Hasi 90 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri, hasi 100 inafaa, hasi 110 kwenda chini ni shida. Zunguka nayo dirisha hadi dirisha, ukisubiri dakika moja kila mahali namba itulie. Kusogeza mita mbili, au kutoka nyuma ya TV hadi juu ya kabati linalotazama mnara, kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha kifurushi. Weka juu, pasipofikiwa na mtoto mdogo, na mbali na maikrowevu na friji.

Kifaa gani

MiFi inafaa mkihamahama kati ya nyumba na kwa bibi. Ina betri na inaingia mfukoni, lakini antena yake ni ndogo, na nyingi hubeba vifaa 10 hadi 16 tu. Kosa la kawaida ni kuiacha kwenye chaja usiku na mchana kwa miezi: betri huvimba na kusukuma mfuniko. Ikivimba, acha kuitumia.

Rauta ya mezani ya 4G hupokea vizuri zaidi na ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Ukinunua iliyotumika Kariakoo, nenda na laini yako, iweke pale pale dukani na ufungue ukurasa wowote. Uliza kama imefungwa kwa mtandao mmoja, hakikisha chaja ni yake (nyingi ni volti 12), na fanya "reset" mbele ya muuzaji uone kama bado inaingia. Nywila ya msimamizi iliyobadilishwa na mwenye nayo wa kwanza ni kazi ya muuzaji kuitatua, si yako.

Faiba kwa muda mfupi ina maana pale tu ambapo waya tayari umefika. Kwenye ghorofa, muulize mlinzi au mwenye nyumba ni kampuni gani zimeshaingia, na kama mpangaji aliyetoka aliacha kifaa ukutani. TTCL wana faiba za majumbani, na Nairobi mitaa mingi ina watoa huduma kadhaa. Ikibidi kuchimba au kutoboa ukuta, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Starlink, ambayo Kenya ilianza 2023, ni ya sehemu isiyo na mnara wa maana. Dishi la kawaida hula wati 50 hadi 100 muda wote, kutegemea toleo, na kwa miezi mitatu lina maana likikodishwa tu.

Maswali kabla ya kulipa

Uliza mkataba wa chini ni miezi mingapi, na ukivunja mapema unalipa nini. Uliza rauta ni ya nani. Uliza kama kifurushi kinafanya kazi popote au kimefungwa kwenye eneo moja, kwa sababu baadhi ya vifurushi vya nyumbani vya 4G na 5G hukataa ukihamia mtaa mwingine. La mwisho ndilo wauzaji hulipita haraka: "bila kikomo" inapungua spidi baada ya GB ngapi, na inashuka hadi ngapi? Ikishuka hadi Mbps 1, darasa la Zoom litasumbua. Jibu la mdomo halitoshi. Omba ujumbe wa WhatsApp au karatasi.

Siku ya kwanza

Simu ikiona WiFi hudhani intaneti ni ya bure. Hapo hapo inaanza kupandisha picha zote Google Photos, kusasisha programu, na kushusha kila video ya kila kundi la WhatsApp. Familia iliyotumia GB 40 kwenye simu hujikuta imemaliza GB 100 kwa wiki mbili bila kuelewa zimekwenda wapi. Kwenye Android, gusa jina la WiFi yenu, ingia kwenye mipangilio yake na uchague "Metered". Kwenye iPhone washa "Low Data Mode" ya mtandao huo. Windows pia ina swichi yake ya "Metered connection". Fanya hivyo kwa kila kifaa, wageni pia.

Kwenye YouTube ya kila simu, weka ubora wa WiFi kwenye kuokoa data. Zima uchezaji wa kujiendeleza. TV nyingi hazikumbuki 480p kutoka video moja hadi nyingine, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuibana kwenye rauta: kama ina kikomo cha spidi kwa kifaa, ipe TV Mbps 2, nayo itashuka yenyewe. Mashine za michezo zima masasisho ya kujiendesha; mchezo mmoja unaweza kudai makumi ya GB.

Mabando ya usiku, yanayoanza saa sita, ni rahisi kuliko ya mchana kwenye mitandao mingi. Shusha wakati huo vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au Kenya Education Cloud ya KICD kwa mtaala wa Kenya. Mtoto atavifungua mchana bila kugusa bando.

Kuchuja maudhui

Badilisha kwanza nywila ya msimamizi wa rauta. Mtoto wa miaka kumi anajua kusoma lebo iliyo chini ya kifaa. Kisha, kwenye sehemu ya DHCP au DNS (ndiyo inayotafuta anwani ya kila tovuti), weka 1.1.1.3 na 1.0.0.3, huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti za ngono na za virusi. Mbadala wake ni CleanBrowsing, 185.228.168.168 na 185.228.169.168. Zima rauta, washa, jaribu.

Rauta nyingine za kampuni zimefunga sehemu hiyo. Basi iweke kwenye simu ya mtoto: kwenye Android tafuta "Private DNS" na uandike family.cloudflare-dns.com. Njia hii inashinda ile ya rauta, maana inafanya kazi hata mtoto akizima WiFi na kutumia bando lake. VPN, programu ya kupitisha intaneti njia nyingine, inaweza kuivunja, kwa hiyo weka Family Link, programu ya Google ya wazazi, ili programu mpya isiingie bila idhini yako. Kichujio hakioni kilichomo ndani ya YouTube au TikTok. Kwa wadogo tumia YouTube Kids, TV ikiwa sebuleni.

Umeme na kuondoka

Rauta ya volti 12 hula wati 10 hivi. Umeme ukikatika, UPS ndogo ya rauta (betri ya akiba) yenye mAh 8,800 huiendesha saa mbili na nusu hadi tatu. Hakikisha volti zinafanana na za rauta yako kabla ya kuchomeka.

Mkihama, toa laini kwenye rauta kabla ya kuiuza au kuigawa. Imesajiliwa kwa NIDA na alama zako za vidole, na chochote kitakachofanywa nayo kitaanzia kwako. Piga *106# uone laini zote zilizo kwenye namba yako ya NIDA, na ambayo huitumii ipeleke kwa mtoa huduma ifutwe. Ukirudisha rauta ya kuazima, piga picha namba ya utambulisho wa kifaa (serial number) iliyo kwenye lebo na upewe stakabadhi yenye namba hiyo. Bila hiyo kudai amana ni kazi ngumu.