Jinsi ya Kupendekeza Marekebisho ya Katiba ya Kenya kwa Sahihi za Wananchi

Si lazima uwe mbunge. Ibara ya 257 ya Katiba ya 2010 inawapa wananchi njia yao, mradi wapate sahihi za wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja. (Rais ndiye asiyeweza kuianzisha, Mahakama ya Juu iliamua hivyo Machi 2022 katika kesi ya BBI, mpango wa kurekebisha Katiba uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga.)

Anzeni na maandishi. Mnaruhusiwa kuja na wazo la jumla, lakini mtalazimika kuliandika liwe mswada. Bora mtafute wakili mapema, ili anayetia sahihi aone hasa anachounga mkono.

Sahihi ndizo zenye kazi. Kuwa na kitambulisho pekee hakutoshi: jina liwe kwenye daftari la wapiga kura, kwa hiyo kijana ambaye hajajiandikisha msimhesabu. Nambari ya kitambulisho isomeke, saba isifanane na moja. Kila mtu atie sahihi yake mwenyewe. Mume asimtilie mkewe hata kama wamekubaliana. Okoa Kenya, kampeni ya upinzani ya kurekebisha Katiba, walipeleka sahihi kama milioni 1.6, na mwaka 2016 tume ya uchaguzi ikakubali 891,598 tu. Kagueni fomu kila jioni, kabla aliyezikusanya hajahamia kijiji kingine.

Mswada na sahihi hupelekwa kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Ikiridhika, inautuma kwa mabunge yote 47 ya kaunti, nayo yana miezi 3. Mnahitaji 24 yaukubali. Msikae Nairobi mkingoja: Punguza Mizigo, kampeni nyingine ya kurekebisha Katiba, ilivuka mtihani wa sahihi mwaka 2019, ikaangukia hapa. Waendeeni MCA (wajumbe wa mabunge ya kaunti) mmoja mmoja, na mfike kaunti zinapochukua maoni ya wananchi.

Zikitimia 24, mswada unaingia Bunge la Taifa na Seneti bila kukawia, na unapita ukiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wanachama wa kila moja. Moja likikataa, bado haujafa. Unakwenda kwenye kura ya maamuzi. Huko pia ndiko uendako, hata mabunge yote mawili yakikubali, ukigusa mambo yaliyotajwa katika Ibara ya 255, kama vile Sheria ya Haki, muhula wa Rais au ugatuzi. Ili upite, angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze kupiga kura katika angalau nusu ya kaunti, na wengi wa waliopiga kura nchini waseme ndiyo.