Kutafuta Chanzo cha Mlio wa Tapeti kwenye Injini ya Lori Iliyofungwa Upya

Lori la zamani lililotoka kufungwa injini upya, likianza kulia "ta-ta-ta" upande wa juu, humfanya mwenye gari adhani kazi yote imeharibika, na mara nyingi injini hushushwa tena kabla ya mtu yeyote kufungua hata kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya injini kinachofunika vyombo vya kufungulia valvu. Hapa Tabora, msimu wa kusomba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua, kosa hilo hulaza lori juu ya mawe wakati mizigo inasubiri. Ushauri wangu ni kusikiliza kwanza, kupima baadaye, na kufungua mwisho.

Kemshafti, shafti yenye kemu (vinundu) zinazosukuma valvu zifunguke, huzunguka mara moja krenki, shafti kuu ya injini, inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa valvu moja huwa mwepesi na husikika kwa nusu ya kasi ya krenki, tofauti na beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inayogonga kwa sauti nzito kutoka chini. Ukiwa na shaka, acha injini iungurume taratibu bila kukanyagwa mafuta, kisha legeza nati ya bomba la noseli (kinyunyizio cha dizeli) la silinda moja baada ya nyingine. Funika nati kwa kitambaa kinene na uweke mkono mbali, kwa sababu dizeli yenye presha hupenya ngozi. Mlio ukipungua au kubadilika silinda fulani inapokatwa, kosa linahusiana na mlipuko: noseli, konrodi, au gasketi ya manifoldi ya kutolea moshi inayovuja, ambayo huacha masizi meusi mahali inapopumulia. Usipobadilika, elekea kwenye tapeti, ila ukisikika mbele kabisa, nyuma ya kava ya gia za taiming (zinazounganisha krenki na kemshafti), sikiliza pale kwanza kwa bisibisi ndefu iliyoegemezwa sikioni.

Fungua kava ya tapeti na uwashe injini. Ingiza filageji nyembamba (kipande bapa cha chuma cha kupimia nafasi) kati ya roka, mkono mdogo unaobonyeza valvu, na ncha ya shina la valvu, roka moja baada ya nyingine. Inayonyamaza ndiyo yenye nafasi iliyozidi. Kabla ya kuseti, yaani kurekebisha nafasi hiyo, kaza tena boliti za silinda hedi kwa mpangilio na nguvu inayotajwa na mtengenezaji. Gasketi mpya hulala, hedi hushuka kidogo na nafasi ya tapeti hupungua, kwa hiyo anayeseti kwanza na kukaza hedi baadaye anafanya kazi mara mbili.

Kwenye injini ya silinda sita inayolipuka kwa mfuatano wa 1-5-3-6-2-4, seti silinda ya 1 wakati valvu za silinda ya 6 zinapobadilishana, moja ikimaliza kufunga na nyingine ikianza kufungua. Vivyo hivyo 5 huenda na 2, na 3 huenda na 4. Isuzu 6BD1, iliyo kwenye malori mengi ya zamani, hutaka milimita 0.40 kwa valvu zote, injini ikiwa ya baridi. Usikubali kubana zaidi ili mlio ukome: valvu isiyokaa vizuri kwenye siti yake huungua, na huungua kimya kimya.

Hapa ndipo filageji inapodanganya. Ncha ya roka iliyotumika miaka mingi huchimbika kidogo pale inapogusa valvu. Filageji ni bapa, hivyo hupita juu ya shimo hilo na kukupa 0.40 wakati nafasi halisi ni kubwa zaidi, na mlio unabaki pale pale baada ya kuseti mara tatu. Pitisha ukucha kwenye ncha ya roka. Ukikwama, roka isagwe kwa ustadi au ibadilishwe.

Lori moja lililoletwa kwangu lilikuwa limesetiwa tapeti mara nyingi na mafundi wengine. Nilipofungua kava, roka za nyuma zilikuwa kavu, zikiwa na vumbi jekundu la chuma kilichosagika, ilhali za mbele zililoa oili. Shafti ya roka ilikuwa imefungwa kichwa chini, matundu ya oili yakitazama upande usio wake. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu kitu kingine, zungusha injini kwa stata bila kuiwasha na uangalie kama oili inachuruzika kwenye kila roka. Isipofika, kagua mwelekeo wa shafti, kisha tundu la gasketi ya hedi, ambalo huzibwa na silikoni iliyopakwa kwa ukarimu.

Pushirodi (fimbo inayopeleka mwendo wa kemu kwenye roka) iliyopinda hujulikana ukiiviringisha juu ya kioo. Kemshafti iliyolika ni kesi ngumu zaidi: pima kwa saa ya kupimia ni kiasi gani kila pushirodi inapanda, na ile inayopanda kidogo kuliko wenzake ina kemu iliyolika, kosa linalotokea hasa tapeti za zamani (vipande vinavyokaa kati ya kemu na pushirodi) zinaporudishwa zikiwa zimechanganywa badala ya kila moja kukaa juu ya kemu yake. Injini ikishapata joto, mlio hafifu ulio sawa kwa silinda zote ni wa kawaida. Lakini nafasi ya valvu moja ikirudi kupanuka baada ya safari moja ya Urambo na kurudi, iseti upya na ukaze vizuri nati ya kufungia skrubu yake, na ikipanuka tena, toa kemshafti uitazame.