Somo: Namna ya kumzuia kanu, kicheche na nguchiro asimalize kuku wako

Wengi wetu hapa Tanga tukiamka na kukuta kuku wamelala bandani hawana vichwa, tunakimbilia kutafuta mtego au, vibaya zaidi, sumu. Nawaombeni msianze huko. Aliyeingia jana kapita mahali, na mahali hapo bado papo wazi. Ukimuua huyu, kesho kutwa atapita mwenzake. Pesa yako iweke kwenye banda.

Hatua ya kwanza: mjue mwizi wako

Kila mla kuku ana saa zake. Kifaranga akitoweka mchana kweupe, mama yake akapiga kelele na hakuna hata unyoya chini, tazama juu: ni mwewe, au kunguru. Nguchiro naye ni wa mchana. Hutokea kichakani, hunyakua na kurudi alikotoka, na yai hulirusha kwenye jiwe lipasuke. Mayai yakipotea bila kuacha ganda, mshuku kenge au nyoka, maana hao humeza zima zima.

Usiku ni zamu ya kanu, fungo na kicheche. Kanu ni mpandaji hodari; tawi la mwembe lililoinamia paa ndiyo njia yake. Kicheche hupita chini na huacha harufu kali ambayo ukishainusa hutaisahau. Vifaranga waliotafunwa miguu, au waliovutwa kwenye tundu la sakafuni, hiyo ni kazi ya panya.

Kama huna hakika, jioni chekecha jivu ulitandaze mlangoni na kuzunguka banda. Asubuhi utasoma. Kanu hukanyaga kama paka, kucha hazionekani. Za nguchiro na kicheche huchora mbele ya vidole. Kenge huburuta mkia katikati ya nyayo.

Hatua ya pili: tafuta mwanya

Hapa ndipo ninapotaka mkae muda mrefu. Ingia bandani saa sita mchana, mwambie mtoto akufungie mlango kwa nje, usimame kimya mpaka macho yazoee giza. Kila panapoingia mwanga pana njia. Anzia juu: pale bati linapokaa kwenye boriti, migongo yake huacha matundu mfululizo, na wenye mabanda hawayaoni kwa sababu wanakagua kuta. Kata vipande vya wavu uvikunje humo, au ziba kwa simenti.

Kisha mlango. Sukuma kona ya chini kwa goti. Ikipinda kuelekea ndani, kufuli lako la katikati halina kazi, kwa sababu kanu ni mwembamba; kichwa kikipita, kiwiliwili kinafuata. Weka makomeo mawili, juu na chini. Tundu lolote linaloingiza vidole viwili lizibwe leo leo.

Hatua ya tatu: wavu na msingi

Waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, humzuia kuku asitoke. Haumzuii mnyama. Hutafunwa, huvutwa, na aliyelala karibu nao hukamatwa akiwa ndani. Madirishani na futi mbili za chini weka wavu mgumu uliochomelewa, wa matundu ya nusu inchi. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Ukikaa Sahare au Raskazone, kila masika yakiisha pitisha mkono kwenye wavu wote, uuvute kila kona uone kama umeoza.

Chini, chimba mtaro wa futi moja wavu ushuke humo. Kama ardhi ni mwamba, ulaze kwa nje upana wa futi moja na nusu, ukandamize kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikutana na wavu, hana akili ya kurudi nyuma akaanzie mbali.

Banda la kichanja ni zuri zaidi, lakini kila nguzo uivike bati laini, vinginevyo umewajengea ngazi. Matawi yanayofikia paa yakatwe.

Hatua ya nne: uani

Machicha ya nazi, pumba na maembe yaliyooza visilale nje. Fungo hula matunda pia, na panya wakijaa, nyoka na kanu huwafuata. Fyeka vichaka kuzunguka banda. Okota mayai asubuhi na alasiri. Kuku wawe ndani kabla ya adhana ya magharibi. Vifaranga wadogo wafunike kwa tenga, jiwe juu yake, na uwatengenezee kibanda kifupi cha makuti cha kukimbilia mwewe akipita.

Maswali ya wanachama

*Muheza: Shikamoo mwalimu. Wavu siuwezi kwa sasa. Fito na udongo vitafaa?*

Marahaba mwanangu. Vinafaa sana, mradi ukandike nje na ndani na uzibe nyufa kila zinapotokea. Nunua wavu wa dirisha tu. Sakafu ishindiliwe kwa mawe ili panya asichimbe.

*Pongwe: Jirani ananishauri nipake mzoga dawa ya wadudu wa shambani. Unasemaje, mwalimu?*

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Ataokota mbwa, paka wa jirani, au mtoto atashika. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kujiulia wanyama wa porini ovyo. Anayekusumbua kila siku, au chatu akiingia, wapigie maliasili wa wilaya.

*Ngamiani: Kanga wanasaidia?*

Kwa kupiga kelele, ndiyo. Kupigana, hapana.

*Pangani: Siafu walinimalizia vifaranga usiku wa mvua. Wavu utawazuia vipi, dada yangu wewe?*

Pole sana, mama. Hawazuiliki kwa wavu. Miguu ya kichanja isimame kwenye makopo yenye oili chafu, na pasiwe na jani wala kamba inayogusa banda, maana watapita hapo hapo. Jivu nalo husaidia, lakini likilowa ni kazi bure.

*Mabokweni: Mwanangu ameumwa kidole na nguchiro aliyekuwa anazubaa uani, hakimbii watu. Nifanyeje?*

Mnyama wa porini asiyeogopa watu huenda ana kichaa cha mbwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, umpeleke hospitali sasa hivi akachomwe chanjo. Kidonda kiwe kidogo namna gani, usingoje kesho.

*Maweni: Kuku wangu wanakufa bila jeraha lolote, shingo zimepinda. Ni mnyama gani?*

Huyo si mnyama, ni ugonjwa wa mdondo, na hauna dawa. Wachanje walio wazima, tone moja jichoni, urudie kila miezi mitatu. Muulize afisa mifugo wa kata lini anachanja. Wagonjwa watenge, na waliokufa wachomwe au wafukiwe kwa kina mbwa asiwafukue.