Upasuaji wa Bega: Zoea Mkono Mmoja Kabla ya Siku Yenyewe

Wagonjwa wanaokaribia kushonwa bega huniuliza kama upasuaji unauma. Mimi huwauliza: chooni utajisafishaje? Wengi hunyamaza, kwa sababu hakuna aliyewaambia walifikirie hilo. Nafanya fiziotherapia, na ninachokiona kila mara ni kwamba daktari humaliza kazi yake kwa saa chache, halafu wiki zinazobaki ni za nyumbani.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye kano za bega, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, zimechanika na zitashonewa kwenye mfupa. Ukiwekewa chuma au bega bandia, ratiba ya mazoezi ni nyingine. Mengi ya nyumbani ni yale yale.

Hatua ya 1: Wiki mbili kabla, ufunge mkono

Chukua kanga, ning'iniza mkono utakaopasuliwa, ukae nao hivyo siku nzima. Piga mswaki, vaa, kula, oga kwa ndoo na kata, nenda chooni. Ikiwa bega ni la kushoto, mkono uliozoea kutawaza ndio utakaofungwa, kwa hiyo uzoeze wa kulia mapema. Kama choo ni cha kuchuchumaa na huwezi kuinuka bila kushika ukuta, jua upande upi utashika. Anayesali ajaribu kusali akiwa ameketi kwenye kiti, maana kusujudu kwa kuegemea mkono ule hakutawezekana.

Hatua ya 2: Shusha vitu, gawa kazi

Sukari, dawa, chaja, kikombe: vyote vikae kati ya kiuno na kifua. Tafuta mashati mapana ya vifungo au dera lenye shingo pana. Kubalianeni nani atachota maji, nani atafua, nani atachomeka chandarua kwa wiki 6 ambazo mkono utakuwa kwenye mkanda. Semeni wazi, kwa majina, kabla hujalazwa.

Mtajie daktari kila dawa unayotumia, hata aspirini na mitishamba. Mwenye kisukari aishushe sukari mapema, na mvutaji aache, kwa kuwa sigara huchelewesha kano kushika.

Hatua ya 3: Usiku wa kwanza

Pamoja na nusu kaputi, mara nyingi utachomwa ganzi ya mishipa ya fahamu shingoni. Utarudi nyumbani mkono mzito kama gogo, huna maumivu, ukajiona umepona. Ganzi huisha baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku wa manane, na maumivu huja yote kwa pamoja. Kunywa dawa ulizoandikiwa kwa saa zake kabla ganzi haijaisha.

Lala nusu umekaa, mito mitatu mgongoni, na mto mdogo chini ya kiwiko. Kipimo changu ni hiki: ukiwa umeegemea, angalia chini. Kama kiwiko hukioni, kimeanguka nyuma na kinavuta mshono. Ongeza mto.

Barafu iponde, izungushie taulo, weka dakika 15 hadi 20, kisha ondoa. Isiguse ngozi moja kwa moja, kwani penye ganzi hutasikia inapounguza.

Hatua ya 4: Kuvaa na kuoga

Mkono mgonjwa huingia kwenye nguo kwanza na hutoka mwisho. Kuosha kwapa, inama mbele, uache mkono uning'inie wenyewe, upitishe kitambaa chenye maji. Kidonda kisilowe mpaka uruhusiwe. Nyuzi kwa kawaida hutolewa siku ya 10 hadi 14.

Hatua ya 5: Mazoezi

Tangu siku ya kwanza kunja na kunjua vidole, zungusha kiganja. Kiwiko kinyooshe mara chache kwa siku, isipokuwa umekatazwa. Ukipewa ruhusa, shika meza kwa mkono mzima, inama, uache mwingine uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Yumbisha kiwiliwili, mkono ufuate wenyewe. Ukiona msuli wa bega unakaza, ujue unaunyanyua mkono. Acha, anza upya.

Hatua ya 6: Wiki ya 4 na ya 5

Hapa ndipo ninapopoteza mabega. Maumivu yamepungua, mkanda wa kubebea mkono unachosha, na ndugu wanachoka pia. Mama mmoja muuza chapati alijisikia vizuri wiki ya 5, akainua sufuria ya maharage kuiepua jikoni. Alisikia kitu kikikatika ndani. Akarudi kupasuliwa tena. Alikuwa na bidii kuliko wote niliokuwa nao mwezi ule, na bado naumia nikimkumbuka. Kano huhitaji kama wiki 12 kushikamana na mfupa kwa nguvu ya kuanza kubebeshwa uzito, hata kama hakuna kinachouma.

Na tafadhali, asikukande mtu. Najua bibi au shangazi atachemsha maji na kuleta mafuta kwa mapenzi ya kweli. Mwambie kwa heshima akukande mgongo na upande usiopasuliwa. Bega lililoshonwa halichuliwi wala halivutwi.

Kusonga ugali, kukuna nazi na kuning'inia kwenye bomba la daladala husubiri kati ya miezi 4 na 6, na ruhusa hutoka kwa aliyekushona.

Usisubiri kliniki

Homa, usaha, vidole kuwa baridi au vya buluu, ganzi isiyoisha siku ya pili: rudi hospitali siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, tafuta gari sasa hivi, hata kama ni usiku.