Jinsi ya kusoma faili la inkwesti ya ajali, Uingereza ya miaka ya 1700

Kwanza tuwekane sawa, inkwesti ni uchunguzi wa kifo cha ghafla au cha mashaka, na anayeuendesha anaitwa koroneri, sio korona ile ya barakoa, ingawa majina yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kilatini, taji. Huyu jamaa alikuwa mtu wa mfalme tangu 1194, na kazi yake ya zamani ilikuwa kuhakikisha mtu akifa vibaya chochote kinachomstahili mfalme hakipotei. Liweke hilo kichwani, litakufaa huko mbele.

Sa unaanzia wapi? Kama huna nauli ya kwenda kukaa Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza (nani anayo), ingia tovuti ya London Lives, ni bure, kuna inkwesti za Westminster za 1760 hadi 1799, maandishi yameshachapwa kwa hiyo huumizi macho. Nje ya London tafuta bili za makoroneri kwenye nyaraka za kaunti, ndani ya mafaili ya mahakama za robo mwaka, za kuanzia 1752. Kwa nini 1752? Hapo nyuma sheria ilimlipa koroneri kwa mtu aliyeuawa tu, aliyezama mtoni au kuanguka kisimani hana malipo, sasa nani apande farasi maili kumi na tano kwenye matope bure? Sheria mpya ilipoanza Juni mwaka huo akawa anapata shilingi 20 kwa kila inkwesti na peni 9 kwa kila maili aliyosafiri, bili zikaanza kumiminika. Kwa hiyo ukiona ajali zimefumuka ghafla baada ya 1752 usikimbilie kuandika ati watu walianza kuzama zaidi, angalia kwanza nani kaanza kulipwa.

Kama ndo mara ya kwanza ruka zote za kabla ya 1733, ziko kwa Kilatini tena cha kukatakata maneno.

Halafu tarehe, hapa ndo nilipoumia mimi. Hawaandiki 1769, wanaandika mwaka wa utawala. Tuseme karatasi inasema tarehe 3 Novemba, mwaka wa kumi wa George wa Tatu. Mi nilikuwa nachukua 1760 najumlisha kumi, napata 1770, naendelea na maisha. Makosa! George alirithi ufalme 25 Oktoba 1760, na hiyo siku yenyewe ndo inafungua mwaka wa kwanza, kwa hiyo wa kumi unafunguka 25 Oktoba 1769 na hiyo Novemba ni ya 1769. Nilitafuta mazishi ya mtu mmoja wiki nzima kwenye mwaka ambao sio wake. Na kwa za kabla ya 1752 kumbuka mwaka wao ulikuwa unaanza 25 Machi, Januari bado ni mwaka wa jana.

Ukishajua ni lini soma kichwa cha karatasi: parokia gani, kwenye nyumba ya nani (mara nyingi baa, ndo ilikuwa na chumba cha kutosha watu) na majina ya jopo, yaani watu wa hapo walioitwa kuamua marehemu kafaje. Enzi hizo jopo lilikuwa lazima liuone mwili wenyewe, bila mwili hakuna inkwesti, na watu 12 lazima wakubaliane. Shuka mpaka chini kwenye sahihi uone nani kaandika jina na nani kaweka alama ya msalaba tu, hapo unapata kijiji kizima kwenye mistari kumi na mbili.

Katikati kumejaa maneno ya kukariri, "kwa bahati mbaya na si vinginevyo", yapite haraka, tafuta pale karani alipolazimika kuandika kitu cha huyu marehemu peke yake, alikuwa amekaa juu ya mzigo, ndoo ilikuwa imejaa, barafu ilikuwa nyembamba. Af tafuta bei. Kitu kilichosababisha kifo kilikuwa mali ya mfalme, kiliitwa diodandi, na jopo ndo lilipanga thamani yake, utaratibu huo haukufutwa mpaka 1846. Mkokoteni ukimkanyaga dereva wake, unaweza kukuta jopo linasema kilichoua ni gurudumu moja tu, thamani yake shilingi moja. Gurudumu tu! Yani mkokoteni na farasi hawana kosa. Hao ni majirani, mjane wanamjua, na wanajua bila ule mkokoteni watoto hawali.

Ujanja huo huo uko kwenye uamuzi. Aliyejiua akiwa na akili timamu mali yake ilichukuliwa na alizikwa barabarani, kwa hiyo majopo mengi yalisema alikuwa na kichaa, na ukiona "amekutwa amezama" usiweke kwenye ajali moja kwa moja, maana yake mwili umekutwa majini na kuingia kwake hawakusema. Chukua jina uende rejista ya parokia, uone kama amezikwa uwanjani kwa kanisa na siku ngapi baada ya jopo.