Mtu Akifia Chini ya Maji: Vile Utajifunza Bila Kukanyaga Wafiwa

Wacha nianze na kosa langu ndio usidhani nimekuja kuhubiri. Miaka kadhaa imepita, kuna jamaa alifariki akipiga mbizi huko Pwani, na habari ikaingia kwa grupu yetu ya WhatsApp ya wapiga mbizi wa hapa Nairobi saa mbili usiku, mwili hata haujafika mochari, na mimi nikiwa kwa matatu ya Rongai nimekwama kwa jam ya Bomas nikaandika, "Huyo lazima aliishiwa na hewa, hawa watu wa mbizi kumi hujifanya wamefika." Nikatuma. Nikapata vidole gumba vinne. Dakika kama ishirini hivi, mtu ambaye sijawahi kumwona akiandika kitu pale akajibu, "Ni ndugu yangu. Bado hatujamwambia mama." Alafu akatoka kwa grupu.

Postmortem ilikuja kusema ni moyo. Na jamaa alikuwa na mbizi zaidi ya mia mbili, mimi wakati huo nilikuwa nimeandika 34 kwa kitabu changu.

Kwa hivyo hii naiandikia sisi wa Nairobi, wale tulijifunza kwa bwawa la kuogelea alafu tunashuka Diani, Watamu ama Kisite mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Desemba, juu siku moja habari kama hiyo itaingia tena na kila mtu atakuwa na simu mkononi.

Masaa ya kwanza kazi yako ni kunyamaza. Usiandike jina, usiweke picha ya marehemu na mshumaa, usiweke hata ile "pumzika salama" inaonekana haina makosa, juu kuna mama mahali Kakamega ama Machakos ambaye hajui, na simu yake iko na data kama yako tu. Kifo kinapelekwa na mtu, anaingia kwa nyumba, anakaa, ikiwezekana ni mzee wa familia ama mtu wa kanisa ama imamu, na mama asiwe peke yake. Kama kuna mtu kwa grupu ameshaandika jina, mtafute inboksi umwambie afute. Usimgombeze mbele ya watu, itakuwa tu kelele ingine na jina litazidi kusomwa.

Kama wewe ulikuwa kwa hiyo boti basi una kazi kubwa kuliko kunyamaza. Vifaa vya marehemu visioshwe, visifunguliwe, na kompyuta ya mbizi, ile huvaliwa mkononi kama saa, isichezewe, hiyo iko na kina, muda na kasi aliyopanda nayo, yaani ni shahidi ambaye halali. Kama ni lazima mtungi ufungwe, andika geji ya hewa ilikuwa inasoma ngapi na ulizungusha koki mara ngapi mpaka ikafunga, juu mtungi uliofunguliwa nusu ni stori tofauti kabisa na mtungi uliokuwa wazi wote. Alafu jioni hiyo hiyo, kabla hujakaa na wenzako kuongea, kaa peke yako uandike chenye uliona kwa macho yako, mkishaanza kuongea kumbukumbu zinachanganyika, kesho utaapa uliona kitu ambacho ulisikia tu. Hiyo karatasi na video zako peleka kwa polisi. Usifute, na usiforwadi.

Sasa hapo kwa kuhukumu. Mnakumbuka kivuko cha Likoni, Mombasa, 2019? Gari liliteleza kutoka kwa feri Septemba 29, mama na mtoto wake wakaingia nayo, na lilitolewa Oktoba 11, siku ya 13. Hizo siku zote huku Nairobi kila mtu alikuwa mtaalamu wa bahari, kwa kinyozi, kwa ofisi, kwa matatu, "si waingie tu watoe gari, kwani wanaogopa nini." Gari lilikuwa kama mita 58 chini. Kila mita kumi za maji ya bahari zinaongeza uzito sawa na hewa yote iliyo juu yetu, kwa hivyo huko chini mgandamizo ni karibu mara saba, na mtungi ambao ungekupa saa moja ukiwa juu unakupa kama dakika tisa. Na katika hizo tisa lazima uwe umebakisha za kupanda polepole ukisimama njiani. Ukipita mita 30 nitrojeni inaanza kukulewesha kama mtu amekunywa. Ongeza mkondo wa kile kivuko na maji ambayo huoni mkono wako. Kadi ya kwanza ya mbizi, yaani cheti, ambayo wengi wetu tuko nayo inaishia mita 18, ya pili 30, na mbizi za starehe zote mwisho wake ni 40. Na familia ilikuwa imekaa hapo ufuoni siku zote hizo ikiskia yote tunasema. Hiyo ndio huwa tunasahau, kwamba maneno yanafika.

Najua kwa nini tunaharakisha kusema "alikosea." Ukishasema alikosea, wewe unabaki salama, juu wewe huwezi kosea hivyo, si ndio? Jaribu kugeuza swali. Badala ya kuuliza mjinga alikuwa nani, uliza ni nini kilifanya mambo yaonekane sawa wakati ule, mpaka mtu mwenye akili zake akaendelea. Hilo swali hata familia ikilisikia halichomi.

Na ukitaka kujua mambo hutokea aje, si lazima utumie maiti ya juzi. DAN, lile shirika la usalama wa wapiga mbizi lililoanzia Chuo Kikuu cha Duke, watu wake walichapisha utafiti 2008 wakipitia vifo 947, na kwa vile ambavyo chanzo kilijulikana, asilimia 41 vilianza na hewa kutotosha, 20 ni kunaswa mahali, 15 ni shida ya vifaa. Lakini chanzo ni kitu kimoja na kile kilichomaliza mtu ni kingine, moyo peke yake ulikuwa karibu robo. Yule jamaa niliyemhukumu kwa matatu alikuwa ndani ya hiyo robo, na mimi nilikuwa nishampa stori ya hewa juu ndio stori niliyokuwa naijua.

Hii maneno ya "alikuwa na mbizi ngapi" nayo iangalie vizuri. Mbizi 60 kwa miezi sita na mbizi 60 kwa miaka nane ni watu wawili tofauti, na sisi wa Nairobi wengi ni huyo wa pili. Mkono unasahau. Desemba moja nilishuka Watamu na mbizi zangu arobaini na kitu, nimetoka miezi nane bila kugusa maji, nikawa napiga picha kobe, kuangalia geji ya hewa ikasoma bar 40, bar ni kipimo cha mgandamizo wa mtungi, na tulikuwa tumekubaliana tukifika 70 tunageuka. Hakuna kitu kilitokea. Tulipanda polepole, tukasimama mita tano dakika tatu, mwenzangu akanipa mdomo wake wa akiba wa kupumulia, na kwa boti nikacheka kama mtu ambaye amepanga. Ningekufa siku hiyo wangesema alikuwa na uzoefu. Siku hizi nikikaa zaidi ya miezi sita naenda kwa bwawa kwanza na instrakta, elfu kadhaa zinaenda, sawa.

Kuna kitu kingine kiko kwa hizo ajali za wengine ambacho kinatuhusu sisi wa huku kuliko mtu wa Mombasa, na sijui kwa nini hakisemwi kwa sauti. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Ile kanuni ya kungoja kabla ya kupanda ndege, angalau masaa 12 baada ya mbizi moja na 18 kama umepiga kadhaa, msingi wake ni mwinuko, na kwa kipimo hicho kuja Nairobi na treni ya SGR ama basi ni kama kukaa ndani ya ndege. Mtu anapiga mbizi mbili Jumapili asubuhi, anakimbilia treni ya alasiri, usiku yuko Syokimau bega linauma na vidole vinawasha anasema ni kiti cha treni. Hiyo inaweza kuwa nitrojeni uliyopumua chini ya maji, imebaki mwilini na sasa inageuka mapovu juu umepanda mapema. Usimeze dawa ya maumivu ulale. Nenda hospitali, waambie kwanza kabisa kwamba ulipiga mbizi na saa ngapi, juu daktari wa zamu usiku Nairobi hatafikiria hicho kitu mwenyewe, na omba oksijeni safi. Mimi mbizi yangu ya mwisho ni Jumamosi kabla ya saa sita mchana, Jumapili nakula samaki tu.

Turudi kwa wafiwa. Ukienda matangani, nenda kama jirani, usiende kama mpelelezi. "Pole sana mama, poleni" inatosha, shika mkono, kaa, kunywa chai, toa mchango wako kwa mweka hazina na uoshe vikombe kama kuna vikombe. Usiulize alikuwa kina gani. Na ile ya "alikufa akifanya kitu alichokipenda" iache kabisa, mimi nilikuwa Buruburu wakati mtu aliisema, na mama ya marehemu akamjibu tu, "Mimi nilikuwa nimemkataza," sebule yote ikanyamaza, tukasikia freezer. Kama marehemu ni Mwislamu jua mazishi yanataka kuwa haraka na postmortem inaweza kuwa kidonda peke yake, hapo usichangie maoni hata kama una diploma.

Wakikuuliza wewe uliyekuwepo, sema ulichoona na uishie hapo. "Nilimwona akiwa sawa mita 12, nikageuka, nikarudi kumwangalia hakuwepo." Usijaze mapengo na "nadhani." Wakiuliza kama aliumia na hujui, sema hujui, ni ngumu lakini uongo wa kufariji hurudi siku ripoti inasomwa.

Ya kuzungumzia ajali kama somo, ngoja mazishi yaishe na uchunguzi utoke, alafu omba ruhusa ya familia. Ukiruhusiwa, ficha jina, ficha kijiji, ficha kazi yake, ongea kina na hewa na maamuzi. Kuna mwalimu mmoja wa mbizi aliweka tangazo la kozi wiki ile ile mtu alikufa, "msingoje yawakute, jiandikisheni," na namba ya M-Pesa chini. Simtaji, lakini watu wa Nairobi tunamjua na hatujasahau.

Na kama umeshasema kitu kibaya kama mimi? Futa, omba msamaha moja kwa moja, mistari miwili, bila maelezo ya "sikujua." Yule ndugu nilimwandikia usiku ule, akakaa kimya miezi mitatu. Alafu siku moja akauliza kama naweza kumsomea ripoti, juu imejaa "bar" na "profaili" na familia haielewi. Tukakutana kwa mkahawa hapo Kenyatta Avenue, nikabeba karatasi na kalamu, nikamchorea mstari wa mbizi ya ndugu yake dakika kwa dakika, hapa anashuka, hapa anapumua kawaida, hapa bado ana hewa nyingi, hapa anaanza kupanda bila haraka. Aliniambia nirudie hapo pa hewa nyingi. Nikarudia. Akapiga picha hiyo karatasi, akasema anaipeleka kwa mama.