Porsche 911 ya zamani: hakiki vipuri vya saspensheni kabla hujalipa

Mwongozo huu ni wa 911 za tosheni baa (fimbo za chuma zinazojisokota zikifanya kazi ya springi), zile za hadi 1989. Andaa vernia (kifaa cha kupimia kipenyo na kina), sumaku na tochi.

1. Mwaka wa gari. Soma namba ya chesisi, kisha ingia uvunguni uhakikishe, maana nyingi zimeshachanganywa vipuri. Mikono ya nyuma, ile inayoshika magurudumu ya nyuma, ni ya chuma hadi 1973 na ya alumini kuanzia 1974, sumaku itakujibu. Gari la kabla ya 1969 lina umbali wa mm 2211 kati ya ekseli, si 2268, kwa hiyo usilinunulie mikono ya nyuma ya matoleo yaliyofuata.

2. Shokapu za mbele. Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Kinachouzwa mara nyingi ni katriji ya ndani tu, na katriji hufuata ganda, yaani bomba la nje linaloibeba, lililoko garini. Watengenezaji wa shokapu hizi ni Boge, Koni na Bilstein. Ganda la Boge na la Koni hupokea katriji za aina zote mbili, na Bilstein nao hutengeneza za kuingia humo. Ganda la Bilstein hupokea Bilstein peke yake. Kwa hiyo tangazo linalosema "Bilstein ya 911" halijakuambia kitu: uliza ni ya ganda gani. Rangi ya ganda usiiamini kukuonyesha chapa, kopo la rangi ni bei rahisi. Kama chapa haisomeki, chomoa katriji kuukuu, pima kipenyo cha ndani cha ganda, kina chake na nyuzi za nati, umtumie muuzaji vipimo hivyo.

Ukinunua mguu mzima (ganda pamoja na katriji yake), pima pia matundu ya kalipa ya breki, katikati hadi katikati. Kuna ya inchi 3 na ya inchi 3.5. Usikubali fundi atoboe upya.

3. Tosheni baa. Kulia na kushoto hazibadilishani, zimeandikwa L na R. Za nyuma zina meno 40 ndani na 44 nje, yahesabu. Iliyochubuka au kuliwa na kutu iache, hukatikia hapohapo. Ugumu hufuata kipeo cha nne cha kipenyo: kutoka mm 24 hadi 25 unapanda takriban asilimia 18, na shokapu laini haitaimudu.

4. Stabilaiza ya mbele, fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona. Hadi 1973 hupita ndani ya bodi, kuanzia 1974 chini yake. Inunue pamoja na mikono yake.

5. Bushi. Kwa gari la barabarani, mpira. Poliyurethani ikikaukiwa grisi hulia na kukaza mkono.